Bunduki za Wageni Nyanda za Juu: Jinsi Zilivyotumika na Jinsi Zilivyoshindwa

Mwishoni mwa 1877 Wahehe walilizingira boma la Mtwa (yaani mtawala) Merere wa Usangu, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mbeya. Ndani ya boma walikuwamo watu ambao ugomvi ule haukuwa wao. James Frederic Elton, balozi wa Uingereza huko Msumbiji, alikuwa safarini kutoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa kwenda pwani. Alifuatana na wenzake wachache, akiwamo Herbert Rhodes, kaka wa Cecil Rhodes. Mapigano yalipopamba moto hawakuwa na pa kwenda, na hatima yao ikawa moja na ya mwenyeji wao. Walipofanikiwa kutoka waliendelea na safari, lakini Elton hakufika pwani. Alifia Ugogo mwezi Desemba mwaka huohuo.

Wale hawakuwa wageni wa kwanza wenye bunduki kujikuta katika vita vya Wasangu na Wahehe, wala hawakuwa wa mwisho. Kwa miaka thelathini hivi, kuanzia miaka ya 1860 hadi Mkwawa, mtwa wa Wahehe, alipofariki mwaka 1898, karibu kila mtawala wa ukanda huu alitafuta bunduki za watu wa mbali. Walitumika Waarabu na Waswahili wa pwani, Wabaluchi, ruga-ruga wa Ukimbu na Unyamwezi, na mwisho askari wa Wajerumani waliotoka Sudani na Msumbiji. Tunapowafundisha watoto wetu historia hii tunataja mashujaa na tarehe, lakini jinsi vita vyenyewe vilivyopiganwa hatuigusi. Matokeo yake wanafunzi wengi wanaamini kwamba aliyekuwa na bunduki alishinda na aliyekuwa na mkuki alishindwa. Ushahidi wa Nyanda za Juu Kusini unasema jambo jingine: mgeni mwenye bunduki alikuwa na nguvu pale tu mwenyeji alipompa ukuta wa kujikinga, chakula cha kumtosha na njia salama ya kurudi. Kimoja kikikosekana, bunduki yake haikumsaidia mtu.

Walivyopatikana

Wageni hawa walifika kwa njia tatu, na kila njia ilizaa mpiganaji wa aina yake.

Ya kwanza ilikuwa biashara. Bonde la Usangu lilikuwa na tembo na ng'ombe kwa wingi, na misafara ya pwani ililifahamu vizuri. Mfanyabiashara aliyeweka kambi kwa Merere akisubiri pembe zikusanyike alikuwa na watu wake wenye silaha. Vita vilipozuka alipigana ili kulinda mali yake na kumridhisha mwenyeji, na malipo yake yalikuwa pembe na mateka. Wabaluchi walijitokeza sana katika kundi hili. Wengi wao walikuwa askari wa Sultani wa Zanzibar katika ngome za pwani, na baadhi yao waliingia bara kutafuta riziki kwa kazi waliyoizoea, yaani bunduki. Lakini rafiki wa biashara aliweza kugeuka adui: mtu mmoja, Amrani Masudi, aliyefika Usangu na kundi la wapiganaji kutoka pwani na kugombana na Merere, aliuawa hukohuko.

Njia ya pili ilikuwa ruga-ruga. Hawa walikuwa vijana waliokatika kutoka katika koo zao kwa sababu ya vita, njaa au biashara ya watumwa, wakamfuata kiongozi aliyeweza kuwalisha na kuwapa nyara. Mirambo aliwatumia kujenga dola yake huko Urambo, naye Nyungu ya Mawe aliwatumia Ukimbu, kaskazini mwa Usangu, akiwa na makao yake Kiwele. Kundi hili liliguswa moja kwa moja na vita vya ndani vya Wahehe. Mtwa Munyigumba alipofariki, mwaka 1878 au 1879, mkwewe Mwambambe aliunyakua utawala, na kijana Mkwawa akalazimika kupigania kiti cha baba yake. Masimulizi ya Wahehe yanaeleza kwamba Mwambambe alipozidiwa alikimbilia Kiwele, akarudi na watu wa huko wenye bunduki, na kwamba Mkwawa alimshinda na kumuua katika pigano la Lundamatwe lililogharimu maisha ya watu wengi. Kwa hiyo Mkwawa alikutana na bunduki za kuazima katika ugomvi wa nyumbani kwao, miaka mingi kabla ya kukutana na Mjerumani, na alizishinda.

Njia ya tatu ilikuwa serikali za nje. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikusanya jeshi la kupambana na Abushiri na watu wa pwani waliowaasi Wajerumani. Aliajiri Wasudani wapatao 600 mjini Cairo, wengi wao askari waliobaki bila kazi baada ya Misri kuipoteza Sudani, na akaongeza watu aliowaita Wazulu kutoka kusini mwa Msumbiji. Baada ya pwani kutulizwa, watu haohao ndio waliopandishwa Uhehe.

Risasi moja, basi

Silaha iliyoenea bara kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki ilikuwa gobori. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kupitia eneo hilo. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha. Ili kujua zilifaa nini, tuangalie mpigaji alivyofanya kazi.

Gobori hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mpigaji anaisimamisha, anamimina baruti, anatia tambara au nyuzi, anashindilia kwa mdeki, anatia risasi au vipande vya chuma, anashindilia tena, anauchomoa mdeki, anavuta mtambo, anaweka fataki, kisha analenga. Mtu aliyefunzwa vizuri huhitaji takriban nusu dakika. Asiyefunzwa, mikono ikimtetemeka, huhitaji dakika nzima au husahau hatua moja, na bunduki isilie. Kwa silaha chakavu na baruti hafifu, kumpiga mtu anayekimbia kwa umbali unaozidi mita 60 au 70 ni bahati.

Sasa tuweke upande wa pili Mhehe mwenye ngao, mikuki ya kurusha na mkuki mfupi wa kuchomea, mtindo wa vita uliokuja na Wangoni na kuenea kusini kote. Kijana mwepesi hukimbia mita 60 kwa sekunde 10 hivi. Maana yake mpigaji wa gobori aliyeko uwanjani ana risasi moja. Akishaifyatua, mkuki unamfikia kabla hajafikisha baruti ya pili chini ya mtutu. Wahehe walilielewa hilo na mbinu yao ilijengwa juu yake: walivumilia mlio wa kwanza, kisha wakashambulia kwa pamoja kabla moshi haujatawanyika. Walikuwa na vikosi vilivyokaa pamoja makao makuu ya mtwa, vijana waliozoeana na kutii amri moja, na hilo ndilo lililowawezesha kustahimili mlio huo bila kutawanyika.

Mvua nayo ilikuwa na sauti katika jambo hili. Nyanda za Juu hunyesha tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na asubuhi za Iringa na Mbeya hujaa ukungu hata nje ya masika. Baruti iliyoloa haiwaki. Mkuki hauna shida hiyo.

Ukuta ulibadili hesabu

Ikiwa gobori lilikuwa dhaifu kiasi hicho, kwa nini watawala walilihangaikia? Jibu ni boma.

Mpigaji akikaa nyuma ya ukuta wenye tundu la kupitishia mtutu, ile nusu dakika ya kujaza haimtishi tena. Anayeshambulia anasimamishwa na magogo, udongo na miiba, tena katika umbali ambao hata gobori bovu halikosi. Watu wawili wakipokezana, mmoja akijaza na mwingine akifyatua, tundu moja hutoa moto mfululizo. Ndiyo sababu Merere, aliyekuwa akielemewa na Wahehe uwanjani, aliweza kustahimili mazingiwa. Wahehe walipomsukuma kutoka bondeni hadi Usafwa alijijengea ngome ya mawe Utengule, karibu na Mbalizi ya leo, na akadumu huko. Wageni wenye bunduki walimfaa kama walinzi wa ukuta. Hawakuweza kumrudishia Usangu, kwa kuwa kuirudisha nchi kulidai kutoka nje ya ukuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ng'ambo ya mto Songwe, Karonga. Tangu 1887 kampuni ya Kiingereza ya African Lakes ilikuwa ikipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyekuwa amewashambulia Wangonde na kujenga maboma karibu na ziwa. Waingereza waliokuwa maeneo hayo walijitolea kupigana, na Mei 1888 Frederick Lugard, ofisa wa jeshi aliyekuja Afrika bila ajira, alifika na kupewa uongozi. Lugard alikuwa mwanajeshi hodari na watu wake walikuwa na bunduki za kisasa kuliko za Mlozi. Mwezi Juni aliongoza shambulio dhidi ya boma la wapinzani. Walipofika ukutani hawakupata pa kupenya. Magogo yalikuwa yamesimikwa kwa safu, yamekandikwa udongo na kufunikwa miiba. Waliokuwa ndani walifyatua kupitia matundu kwa umbali wa hatua chache, na risasi ikamjeruhi Lugard mikono yote miwili. Shambulio likafa hapohapo.

Mwaka 1889 wakaletewa mzinga mdogo. Wengi walidhani boma sasa limekwisha, lakini makombora yalitoboa ukuta na kupita bila kuubomoa. Mti na udongo hupokea kombora dogo, likaacha tundu, na ukuta ukabaki umesimama. Mlozi hakuondolewa hadi Desemba 1895, Harry Johnston alipokuja na mizinga ya kutosha na Masingasinga waliojitolea kutoka jeshi la India. Waliojitolea kwa moyo bila zana za kuvunjia ukuta walikwama mbele ya magogo.

Hatari ya njia ya kurudi

Hata pale wageni walipofaulu kuingia katika boma la adui, kazi ilikuwa haijaisha. Agosti 1871, kaskazini huko Tabora, Waarabu walimwendea Mirambo, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga nao pamoja na watu wake. Kikosi cha Soud bin Said kilishambulia Wilyankuru na kuiteka. Kiliporudi kikiwa kimebeba pembe na mateka, Mirambo alikuwa amekwisha kuwazunguka na kujilaza katika nyasi ndefu kando ya njia. Soud aliuawa na watu wake wengi, na habari zilipofika kambini jeshi zima likakimbia, Stanley akiwa miongoni mwao. Ushindi wenyewe ndio uliowaponza: mtu mwenye pembe begani hawezi kujaza gobori.

Miaka ishirini baadaye somo hilohilo lilirudiwa Uhehe. Kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski aliingia nchi ya Mkwawa mwaka 1891 akiwa na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani na Wazulu wa Wissmann, pamoja na wapagazi na mizinga. Silaha zao zilijazwa kwa nyuma, si kwa mdomo, na zingeweza kupiga mara nyingi kwa dakika. Katika uwanja wazi, wakiwa wamepanga mstari, ingekuwa taabu kubwa kuwasogelea. Lakini asubuhi ya Agosti 17, pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, walikuwa wakitembea mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala pembeni.

Ishara ilikuwa mlio mmoja wa bunduki. Walioshambuliwa walifyatua mara moja, wengine mara mbili, kisha mikuki ikawafikia. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine 9, askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Walionusurika ni hasa wale wa nyuma, chini ya Luteni Tettenborn, waliopata nafasi ya kujipanga juu ya mwinuko.

Tukipima kiufundi, Lugalo inafanana na hesabu ileile ya gobori. Bunduki ya kisasa ilirefusha umbali wa kuua na kupunguza muda wa kujaza, lakini Mkwawa aliufuta umbali huo kwa kuchagua mahali. Alipowaanza wakiwa hatua thelathini au arobaini, ubora wa silaha yao ulikuwa umekwisha kabla ya pigano kuanza.

Nani analisha, nani anabeba

Wapo waliosema kwamba wageni wa huku walishindwa kwa kuwa walikuwa wachache au hawakuwa na nidhamu. Linganisha na China. Katika vita vya ndani vya Taiping, vilivyodumu kuanzia 1850 hadi 1864, Mmarekani Frederick Townsend Ward, na baada ya kifo chake Mwingereza Charles Gordon, waliongoza kikosi cha askari wa Kichina kilichofunzwa kwa mtindo wa Ulaya na kufanikiwa kuiteka miji kadhaa yenye kuta. Siri yao ilikuwa maji. Eneo la Shanghai lina mito na mifereji, na meli za mvuke zilibeba mizinga mizito, risasi na mchele hadi chini ya ukuta wa adui.

Kutoka Bagamoyo au Kilwa hadi Usangu hakukuwa na mto wa meli wala gari la kukokotwa. Mbung'o aliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu nyingi za njia, kwa hiyo kila pipa la baruti lilipanda kichwani mwa mpagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, na mpagazi mwenyewe alitaka kula kila siku. Kikosi cha wageni kilipofika kilikuwa tayari kinategemea ghala la mwenyeji. Mwenyeji aliyekuwa na njaa alipoteza walinzi wake bila risasi kufyatuliwa, maana mgeni hakuwa na shamba wala ndugu wa kumzuia asiondoke. Vita vya Merere na Wahehe vilikuwa pia vita vya kugombea ng'ombe na mavuno, na kila msimu ambao Wahehe walichoma mashamba ya Wasangu walikuwa wanaipiga ile bunduki ya pwani mahali pasipokuwa na ngao.

Alicholipa mwenyeji

Hapa ndipo penye uchungu wa historia hii. Wasangu walirudishiwa Usangu katika miaka ya mwisho ya 1890, na aliyewarudishia alikuwa Mjerumani, naye hakulipwa kwa pembe wala hakuondoka baada ya kazi. Wapiganaji wa Kisangu walishirikiana na ofisa wa Kijerumani Tom von Prince kumwandama Mkwawa, na walikuwa na sababu: walikuwa wamepoteza nchi, mifugo na jamaa. Siwalaumu waliokuwa wameteseka kiasi hicho kwa kuushika mkono uliokuwa karibu. Lakini mzee anayejua Kiswahili chake angewaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukoo wa Merere ulirudi Utengule ya Usangu, si ile ya Usafwa, mtwa wake akiwa chini ya serikali ya mtu mwingine.

Wahehe nao walionjeshwa. Baada ya kujenga mji wa Iringa mwaka 1896, Prince alimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa mtawala. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa 1897, Wajerumani haohao walimnyonga kwa madai kwamba alikuwa akimsaidia nduguye.

Mkwawa mwenyewe aliteleza kwenye jambo alilolijua kuliko wote. Baada ya Lugalo aliongeza nguvu katika ngome yake ya Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, yenye kuta ndefu za mawe na udongo. Ukuta ulikuwa kinga kamili dhidi ya gobori na mkuki. Dhidi ya jeshi lenye mizinga ya kutosha ulikuwa mtego, kwani uliwakusanya watu wake mahali pamoja na kumpa adui muda wa kujipanga, kitu kilekile ambacho Zelewski alinyimwa. Oktoba 30, 1894, Gavana Friedrich von Schele aliivamia Kalenga na kuiteka. Mkwawa alirudi kwenye mbinu yake ya porini na kuwasumbua Wajerumani kwa takriban miaka minne zaidi, hata wakaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayewapelekea kichwa chake. Alijiua Mlambalasi, Julai 19, 1898, asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga.

Tunachopaswa kuuliza

Nimeyapanga haya kwa sababu naamini tunawapunguzia heshima wazee wetu tunapowasifu kwa ujasiri pekee. Ujasiri ulikuwapo Lugalo, na ulikuwapo pia Kalenga, lakini pigano moja lilishinda na jingine likashindwa. Kilichotofautiana ni umbali, ukuta, na nani alichagua mahali. Mkwawa wa 1891 alikuwa mpangaji wa vita aliyepima silaha ya adui hadi hatua ya mwisho, na anastahili kufundishwa hivyo katika shule za Iringa na Mbeya, darasa likiwa pale Lugalo penyewe, mwanafunzi akihesabu hatua kutoka kwenye kichaka hadi njiani.

Vilevile tuwakumbuke waliokufa huko kwa ajili ya ugomvi wa wengine: Msudani aliyeajiriwa Cairo, kijana wa Msumbiji, ruga-ruga wa Kiwele, mpagazi aliyechukuliwa na mzigo wake. Wengi wao walikuwa watu waliokwisha kunyang'anywa kwao na vita vingine, wakageuzwa silaha ya kuwanyang'anya wengine.

Na yeyote anayesoma habari za wapiganaji wa kigeni, za karne ile au za leo, ajiulize maswali manne kabla ya kutazama idadi ya bunduki zao. Nani anawalisha? Baruti yao inapita njia ipi? Wamesimama nyuma ya ukuta gani? Na vita vikiisha, nani ana uwezo wa kuwaambia waende kwao? Ukoo wa Merere uliweza kuyajibu matatu ya kwanza. La nne liliushinda, na kwa sababu hiyo ushindi wake haukuwa wake.